Huu Uso Ndio Nitakaoingia Nao

Jumapili, Kinyangiri. Upepo tangu alfajiri.

Leo upepo umeamka kabla yetu. Umeangusha turubai moja la jana, umepeperusha vikombe vya plastiki mpaka kwenye zizi la jirani, na mimi umenikausha uso tangu nilipofungua mlango. Mwezi wa saba huku kwetu haumbembelezi hata mtu mwenye ngozi nzima, sembuse mimi. Nimekaa nyuma ya jiko la mama, mahali ambapo vumbi halifiki sana, na nimeshajipaka mafuta ya alizeti mara mbili kabla hata chai haijachemka.

Sina huzuni. Nasema mapema kwa sababu najua wengine mmekuja mkitegemea machozi. Nina hasira kidogo, miguu inauma kwa kucheza, na nimeshinda.

Angalau nadhani nimeshinda.

Kwa wageni wa ukurasa huu: mimi ni fundi cherehani, nimeolewa Misigiri, na nyumbani kwetu ni hapa Kinyangiri. Kwa miaka mingi nilikuwa napaka usoni krimu ya tyubu, ile yenye steroidi, na kwa miezi kadhaa sasa ninaiacha taratibu. Jana ilikuwa sendofu ya mdogo wangu, Elineema, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi. Mambo hayo mawili yaligongana wiki hii, ndiyo maana naandika.

Nilianza kwa sababu ya kweli. Nilikuwa na pumu ya ngozi kwenye viwiko, ile inayowasha mpaka unajisugua ukutani kama ng'ombe. Duka la dawa wakanipa tyubu ndogo, ikatuliza upesi. Ningeishia hapo. Lakini nilikuwa na vipele usoni, nikasema kama imeweza kiwiko itashindwaje na shavu. Vipele vikaondoka, na weusi wangu ukaanza kuondoka navyo. Nikawa mweupe bila kukusudia. Halafu watu wakaanza kunisifia, nikakusudia. Wateja walipouliza napaka nini, nilikuwa nawajibu kwamba ni maji tu.

Siombi radhi kwa hilo. Kila mtu aliyekuwa ananisifia alitaka niendelee, nami niliendelea.

Kisha ngozi ikawa nyembamba. Mishipa ikaanza kuonekana mashavuni. Nikisogelea jiko la mkaa, uso unawaka. Jasho likitiririka, unawaka. Nikikosa kupaka hata siku moja, unawaka zaidi, na ndipo nilipoelewa kwamba sasa dawa ndiyo inayonitumia mimi. Kituo cha afya wakanielekeza kwa daktari wa ngozi mjini Singida. Nilimwambia nataka kuitupa tyubu siku hiyo hiyo. Akasema nisithubutu, maana ngozi imeshazoea na itanilipukia. Akanibadilishia dawa nyepesi zaidi, akanipangia niwe napaka leo na kuacha kesho, kisha nizidi kuachanisha siku, na katikati nijipake mafuta ya kawaida yasiyo na manukato. Nikamuuliza mafuta gani. Akasema hata ya alizeti, mradi yawe safi.

Nilicheka mpaka akashangaa. Nimezaliwa katikati ya mashamba ya alizeti. Dumu la mafuta halijawahi kukosekana chini ya kitanda changu, na miaka yote hiyo nilikuwa nalala juu yake nikiwa nimepaka tyubu.

Mama aliposikia habari hizi, hakuuliza mengi. Akanitumia samli. Sasa, samli ya mama si ya dukani. Maziwa yake hukaa kwenye kibuyu kinachosafishwa kwa kijinga cha moto, na chembe za mkaa hubaki humo. Kwenye ugali huzioni. Jumapili ya kwanza nikajipaka uso mzima bila kuchuja na bila kujitazama, kwa kuwa siku hizo kioo nilikuwa nimekigeuzia ukutani, nikaenda kanisani. Nikaona mzee wa kanisa ananitazama kwa huruma kubwa. Tukiwa katikati ya wimbo, binti yangu Imani akaninong'oneza kwamba uso wangu una madoadoa kama kanga wa porini. Harufu ya moshi na maziwa tulikaa nayo mpaka mwisho wa ibada, sisi na benchi la nyuma yetu. Mpaka leo mume wangu akitaka kunichokoza anauliza kama ndama wamesharudi.

Siku hizi nachuja kwa kitambaa, na samli naipaka mikononi na miguuni tu, maana usoni ni nzito. Usoni ni alizeti. Mshubiri wa uani niliujaribu kidogo kwenye mkono kwanza, ukaniwasha, nikaacha. Na mtu asinisome akadhani samli inaponya. Haiponyi. Inanituliza ninaposubiri ngozi yangu irudi, na kusubiri ndiko kulikonishinda miaka yote. Kama wewe nawe unataka kuacha, nenda kwanza kwa anayejua, usifanye ubishi peke yako chumbani.

Basi. Sendofu.

Kwetu, dada mkubwa aliyeolewa ndiye anayempaka bibi harusi mafuta asubuhi ya sendofu, na ndiye anayemshika mkono kumwingiza mbele ya watu. Mimi niliingizwa na shangazi kwa sababu sikuwa na dada wa kunitangulia. Elineema ana dada. Nilimbeba mgongoni mpaka mama akawa ananifukuza nikacheze na wenzangu. Hii kazi nimeisubiri tangu hajaota meno, na gauni lake nimelishona kwa mikono yangu.

Lakini hesabu ya daktari haijui sherehe. Zamu za kuacha dawa zilipozidi kuongezeka, uso ukalipuka kama nilivyoonywa. Mashavu yakawa mekundu, ngozi ya kuzunguka mdomo ikaanza kubabuka, na huku pembeni karibu na masikio weusi wangu wa zamani ukarudi vipande vipande. Nilipiga simu kwa daktari. Akasema nivumilie, nisirudie ile kali, nifike kumwona nikishamaliza shughuli. Nikafunga cherehani, nikaja nyumbani hivyo hivyo.

Alhamisi kulikuwa na kikao cha kamati hapa uani. Mwenyekiti ni Shangazi Tabitha, dada yake marehemu baba, mwanamke mkarimu sana ambaye hajawahi kukubali kuwa amekosea. Nilimwamkia shikamoo kwa heshima zote. Alipoitikia alinishika kidevu akanigeuza uso kushoto na kulia, kama mtu anayekagua papai sokoni. Kisha akalisema mbele ya wote.

"Mama Imani, si unayo ile dawa yako? Ipake hizi siku mbili uso utulie. Shughuli ikiisha utaendelea kuacha."

"Shangazi, nikiirudia sasa ninaanza upya. Siirudii."

"Basi Jeni atamwingiza. Wakwe wanakuja kutazama familia, hawaji kutazama maradhi."

Jeni ni binti yake wa mwisho. Hana kosa, ni mtoto mzuri na ana viatu virefu. Wanakamati wakatazama chini. Mama alikuwa anachambua mchele pembeni, mikono ikasimama, lakini mbele ya wifi yake huwa hasemi. Hao wote niliwasamehe hapo hapo. Ambaye nilishindwa kumsamehe ni Elineema, aliyekuwa amekaa karibu nami na kuangalia kucha zake kama vile tunamzungumzia mtu wa Sekenke asiyemfahamu.

Liliniuma. Liliniuma kuliko huu uso.

Ijumaa mchana nilikuwa chumbani napiga pindo la gauni, akaingia akafunga mlango. Akatoa kwenye mfuko tyubu mpya, bado iko kwenye boksi lake. Alikuwa ameagiza Singida mjini kwa ajili yangu. Hakuja kwa ubaya, nataka hili lieleweke. Alilia. Akasema anataka niingie naye mimi, hamtaki Jeni, na kwamba njia ya kumnyamazisha shangazi ni hii tu, kidogo tu, kwa ajili ya kesho.

Niliifungua. Wacha niseme ukweli wote. Nilifungua kifuniko, nikanusa, na mkono wangu ukajua wenyewe kiasi cha kukamua. Nilijua kabisa ningekuwaje Jumamosi asubuhi: laini, baridi, bila kuwaka, na watu wangesema nimependeza. Nilitaka. Nilitaka mpaka mate yakanijaa mdomoni kama mtu mwenye njaa.

Kisha Elineema akajifuta machozi, akasema na yeye atapaka kidogo, aonekane vizuri kwenye picha.

Hapo nikapata akili. Elineema hajawahi kuigusa. Ana ngozi ya mama, nyeusi na inang'aa yenyewe hata akitoka shambani. Na alikuwa anaitazama ile tyubu mkononi mwangu kama nilivyoitazama mimi ya kwanza.

"Niangalie," nikamwambia. "Huu uso umetoka kwenye tyubu kama hii. Kesho ukinitaka, huu uso ndio nitakaoingia nao. Ukiona aibu, Jeni yupo."

Nikatoka nje, nikaenda nayo mpaka chooni, nikaitumbukiza akiwa amesimama mlangoni ananiona. Aligeuka akaenda zake, na mimi nikarudi kwenye pindo, nikashona mstari ukaenda kombo nikaufumua. Nilijua inawezekana kabisa nimeshampoteza kwa ajili ya jambo ambalo yeye hakuniomba nilifanye.

Jana asubuhi niliingia kumpaka mafuta kama ilivyo desturi. Sikuwa na uhakika kama ataniruhusu. Alikuwa amekaa kwenye mkeka na kanga kifuani, akafumba macho akaninyooshea shingo. Nikampaka alizeti ya mavuno ya mwaka huu, niliyoichuja mwenyewe, kuanzia paji la uso mpaka vidole vya miguu. Mama alikaa mlangoni akiimba kwa sauti ya chini.

Mpambaji alipofika akataka kunifunika na mimi kwa poda nzito, kwa maelekezo ya shangazi. Nilimwachia shavu moja. Likawaka hapo hapo kama nimepakwa pilipili, nikaenda kwenye ndoo nikanawa. Akasema basi atanifanya nini. Nikamwambia asinifanye kitu.

Nikaenda kukaa nyuma kwenye masufuria, na wanawake wanaopika wakanipa kazi ya kukatakata kachumbari. Nilikuwa nimevaa sare yangu, na juu yake nimefunga kitenge cha jikoni. Nikasikia mziki wa kumwingiza bibi harusi unaanza. Ukafika mwisho. Ukaanza tena. Mpishi mmoja akasema labda spika zimekorofisha.

Hazikuwa spika. Elineema alikuwa amefika kwenye geti la maua akasimama, Jeni amemshika mkono, akakataa kusogea. Shangazi anamsukuma mgongoni polepole, watu wote wamegeuza shingo. Jeni mwenyewe ndiye aliyenijia, amevua vile viatu ili aweze kukimbia.

"Dada, njoo. Amesema bila wewe haingii."

Nikaenda. Nikafungua kile kitenge njiani nikakiacha sijui wapi, vidole vinanuka kitunguu. Elineema akanishika mkono kwa nguvu mpaka pete ikaniumiza, na tukaingia mbele ya wakwe, mbele ya wanakwaya, mbele ya wanakijiji wote, mimi na mashavu yangu mekundu na mdomo unaobabuka. Mshereheshaji, katika kutafuta la kusema, akauliza kwenye kipaza sauti kama jua la Singida limemchoma dada mtu. Watu wakacheka. Wengine waliinamisha macho kwenye soda zao.

Zamani ningezimia. Jana nilicheza. Nilicheza mziki wote wa kuingia, nikacheza wa keki, nikacheza wa zawadi, na nilipofika mbele ya meza ya wakwe nilizunguka pale mara nyingi kuliko ilivyohitajika ili wanione vizuri pande zote. Mama mkwe mtarajiwa alitabasamu. Kama alitabasamu kwa adabu au kwa moyo, hilo ni lake.

Ningeishia hapo, ingekuwa imetosha. Lakini asubuhi hii picha zimefika.

Mpiga picha amezituma kwenye kundi la familia. Nikafungua ya kwanza, mimi na mama na Elineema tumesimama mbele ya geti la maua. Mama katikati, kitenge chake cha zambarau. Nikajitafuta. Nilikuwapo, ila sina uso wangu. Nina ngozi ya rangi ya unga wa ngano, haina kipele, haina mstari, haina chochote. Shangazi Tabitha alikuwa ameshaandika hapo chini kwamba angalau kwenye picha nimetoka kama mtu, na kwamba yote ya Alhamisi yamesameheka. Watu wanaweka mioyo na makofi.

Elineema akaja jikoni na simu yake, anacheka, anafurahi. "Dada, hebu ona ulivyotoka," akasema. Hakuona tatizo. Na sitamficha: alijipenda pia, maana na yeye alikuwa amepakwa weupe ule ule. Nilitaka kumfokea, nikakosa pa kuanzia. Ijumaa nilitumbukiza tyubu chooni, na leo yaliyokuwa ndani yake yamefika kwa njia ya simu bila hata kugusa ngozi ya mtu.

Mama akaomba aone. Akaichukua ile simu, akanyoosha mkono mbali na macho kama anavyofanya, akatazama kwa muda mrefu. Kisha akauliza kwa Kinyiramba, taratibu kabisa, huyu mama aliyevaa kitenge chake ni nani.

Tukacheka. Tulidhani anatania, maana mama ni mtani.

Akauliza tena. Akasema yeye alisimama pale jana, katikati yetu, na mpiga picha akamwambia asogee kidogo kulia. Akataka kujua kwa nini wamemtoa, na kwa nini wamemweka mwanamke mwingine na watoto wake.

Mama hajawahi kupaka kitu chochote zaidi ya samli. Ni mweusi kuliko sisi wote, na ana makunyanzi ya kucheka ambayo kila mtu Kinyangiri anayajua. Kwenye ile picha hayapo. Wamemfuta kabisa, wakaacha kitenge.

Elineema aliacha kucheka. Alimwangalia mama, akaangalia simu, akaniangalia mimi, na nikaona usoni pake kwamba amefika mahali nilipokuwa nimemngoja tangu Ijumaa. Alitoka nje kwenye upepo akampigia mpiga picha. Nilimsikia kupitia dirisha la jiko. Yule kijana alikuwa anajitetea kwamba huwa anawarekebisha wote, kinamama wanapenda, na hakuongeza hata gharama. Elineema hakumgombeza. Alimwambia maneno machache tu.

"Kaka, turudishie mama yetu."

Amezituma tena, zote, kama zilivyopigwa. Elineema ameziweka kwenye kundi la familia na hakuandika chochote chini yake. Shangazi Tabitha amesoma na hajajibu, jambo ambalo katika ukoo wetu ni la kuwekewa kumbukumbu. Harusi yenyewe ni Jumamosi ijayo kwa wakwe. Elineema amenitangazia kwamba mpambaji atakuja kuremba nywele tu.

Mimi kesho narudi Misigiri, keshokutwa nakwenda kwa daktari. Huenda uso ukawaka tena kabla ya Jumamosi. Uwake. Nitaingia nao huko pia.

Mama tumempa simu upya. Ameitazama ile picha ya pili kwa mkono ulionyooshwa. Akaweka kidole juu ya sura yake, akasema eeh, huyu ni mimi. Kisha akakisogeza kidole mpaka juu ya mashavu yangu mekundu, akakiacha hapo kidogo.

"Na huyu ni wewe," akasema.

Picha nimeiweka hapo chini. Atakayeona haipendezi asiitazame.